Usiku wa Kurenda Kibeta

Kama wewe na mwenzi wako kila likizo mnaishia Zanzibar au Bagamoyo, jaribuni Bukoba. Mimi nilipelekwa na mke wangu, Mhaya wa kuzaliwa, ambaye alinisimulia senene na Kisiwa cha Musira mpaka nikaona bora nikajionee mwenyewe. Senene nilikula. Ndizi nilikula kila mlo, na kahawa nikatafuna kavu kavu kama wenyeji. Hayo yote mtayakuta. Ila kilichonibaki kichwani ni chumba kimoja cha kupanga, Kibeta.

Kibeta ni kata ya Manispaa ya Bukoba, na migomba iko mpaka dirishani. Shemeji yangu na mkewe wamepanga vyumba viwili pale: kimoja cha kulala, kingine ndiyo studio. Usitegemee makubwa! Kompyuta ya mezani, feni, kamera moja na pazia la kijani. Wateja wao ni wasanii chipukizi, kwaya, na mabwana harusi wanaotaka kuwaimbia wachumba. Kompyuta ilinunuliwa kwa hela ya mabati. Kiwanja chao mpaka leo kina msingi tu, na maoni ya mama mkwe kuhusu jambo hilo siyaandiki hapa.

Mume anapiga picha, mke anaediti. Kwa mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, anayeediti ndiye mwenye kazi nzito. Ubeti wa kwanza jua, wa pili wingu, kiitikio manyunyu. Yeye anakaa anasawazisha rangi na kuoanisha midomo na sauti iliyorekodiwa kabla, maana mvua ikigonga bati sauti ya kamera haifai kitu.

Kisha inakuja kurenda. Video ya dakika nne, kwa fremu 25 kila sekunde, ni picha 6,000, na kompyuta inazichora moja moja kabla ya kukupa faili. Shemu alinieleza kwamba ukitaka ubora wa juu kabisa, unapata faili ya zaidi ya gigabaiti moja ambayo bando lako haliwezi kuipandisha, na YouTube wenyewe wataibana tena. Kwa hiyo yeye hutumia megabiti 8 kwa sekunde: faili la megabaiti 240 hivi, na kwenye simu picha iko poa tu.

Saida Karoli alipovuma nchi nzima kwa nyimbo za Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, YouTube haikuwepo. Ilianza mwaka 2005. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakatoa "Salome", iliyotokana na wimbo wake, na vijana ambao hawakuwahi kushika kanda wakaanza kumtafuta mtandaoni. Kila msanii anayeingia kile chumba anamtaja. Anaamini kwamba wimbo wa Kihaya unaweza kufika Dar bila yeye kupanda basi.

Usiku tuliokuwepo, kazi ilikuwa ya kijana wa Muleba. Alikuwa amelipa nusu, anaitaka asubuhi. Umeme ulishakatika mara mbili tangu magharibi, na ukikatika katikati unaanza upya. Saa sita usiku ilifika asilimia 61. Mke wangu, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka, akauliza tu, "Wifi, jina lako linatokea wapi?"

Halikuwepo. Mwishoni kulikuwa na jina la shemeji peke yake, kama kwenye video zote zilizotangulia.

"Nitaandika 'na mkewe'," shemeji akasema. Alidhani anasaidia.

Yule dada hakujibu. Akabonyeza kusimamisha. Asilimia 61 ikapotea. Akaandika jina lake kamili, la kwa baba yake, chini yake "Mhariri", akaanza upya. Shemeji akatoka nje. Mimi nikatazama feni. Kusema kweli, katika ndoa nyingi ninazozijua mambo kama haya yanamalizwa kwa kununiana wiki nzima. Hawa walikuwa na dakika arobaini na umeme usioaminika. Baada ya muda shemeji alirudi na chupa ya chai, akamimina vikombe vinne, cha kwanza akampa mkewe.

Ilimaliza saa saba na nusu. Bando la usiku likaipandisha polepole, na alfajiri kijana wa Muleba akapiga simu akipiga kelele za furaha.

Asubuhi tukamwonyesha mama mkwe kwenye simu yangu. Alitazama mpaka mwisho, akaniambia, "Mkwe wangu, hebu rudisha hapo." Akasoma jina la mwanamke polepole, kwa sauti.

"Na hii nayo inalipwa?" akauliza.

Wifi wa mke wangu akaendelea kumenya ndizi. "Bado tunaongea, mama."