Kuku wa Kwenye Picha

Kosa nilifanya mimi, tena kwa nia njema kabisa. Wifi yangu alipofungua mgahawa pale Chunya alinipigia simu: "Wifi, wewe si ndiyo mtu wa magazeti? Nitengenezee menyu yenye picha, na mimi nionekane wa mjini." Ningekataaje? Nimesomea mawasiliano, wapiga picha nashinda nao kila siku. Usiku huohuo nikaingia kwenye intaneti, nikachukua kuku wa kuoka anayeng'aa, samaki aliyelalia vipande vya limau, na wali wenye kijani juu. Nikachapisha, nikatuma kwa basi, nikajiona wifi bora kuliko mawifi wote.

Miezi miwili baadaye mimi na mume wangu tukaenda kumtembelea. Kutoka Mbeya ni kilomita 70 hivi, unapanda kwenye baridi halafu unateremkia kwenye joto. Hata hatujamaliza soda, mteja mmoja, mchimbaji mwenye buti zilizojaa vumbi, akaita. Akaweka kidole kwenye picha, kisha kwenye sahani yake. "Mama, hawa ni ndugu?"

Watu wakaangua kicheko. Wifi hakucheka. Alimrudishia nusu ya hela, na jioni akaniambia taratibu bila kunitazama: "Kuku wangu ni mtamu, wifi. Ila tangu hiyo menyu ije, wanamwona wa uongo."

Iliniuma, jamani. Chunya ni mji wa dhahabu tangu enzi za mkoloni. Mtu anayeishi kwa kutofautisha dhahabu na mawe, utamdanganya kwa kuku?

Na nilikuwa najua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Marekani, tangazo la supu ya Campbell lilipigwa picha huku goroli zimewekwa chini ya bakuli ili nyama na mboga zielee juu, mpaka serikali ikaingilia kati. Angalau supu ilikuwa yao! Mimi kuku hata mwenyewe simjui. Halafu picha ya intaneti nayo ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kama inavyolinda wimbo.

Kesho yake asubuhi tukasogeza meza mlangoni, kwenye mwanga lakini si juani. Flashi tukazima, maana inafanya mchuzi uonekane plastiki. Mume wangu akashika mfuko mweupe wa unga upande wa kivuli ili urudishe mwanga (alilalamika mkono unakufa ganzi, lakini nadhani alifurahi kuona dada yake na mkewe wanaongea tena). Kila sahani tuliipiga ikiwa bado inatoa mvuke. Nilipoongeza kipande cha tatu cha kuku, wifi akakitoa. "Mteja anapata viwili."

Kama nyie hamuwezi, mlipeni kijana wa studio apige chakula chenu chenyewe, na mwandikishiane picha zitatumika wapi: kwenye menyu tu, au na kwenye bango.

Picha alichagua mwenyewe. Ile ya ugali na perege ilionyesha sahani iliyopasuka ukingoni, nikataka kuikata.

"Acha," akasema. "Hiyo sahani wanaijua."