Mbolea na Majira Yake



Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka yuko mtunza shamba ambaye hutajwa mara chache katika mahubiri. Bwana wake ataka mtini usiozaa ukatwe. Yeye aomba mwaka mmoja zaidi, aulimie na kuutilia mbolea. Kila nifundishapo mfano huo, watoto huuliza juu ya hasira ya mwenye shamba. Juu ya mbolea hakuna aulizaye: kiasi gani, na mara ngapi?

Swali hilo waliniletea vijana wanaopamba altare, kwa sababu ya okidi wanazozitunza. Walitaka siku moja ya mbolea kwa mimea yote, ili kazi ipangwe kwa zamu. Lakini okidi hazifanani. Nyingi huota juu ya miti bila kuinyonya; mizizi yake imevikwa ganda jeupe kama sifongo, linaloshika maji ya mvua pamoja na mabaki ya majani yaliyooza na mavi ya ndege. Mmea uliozoea chakula chepesi hivyo huunguzwa na mbolea kali. Ukiona chumvi nyeupe chunguni na ncha za mizizi zimekuwa nyeusi, huenda umezidisha. Mbolea ya dukani izimuliwe hadi robo ya kipimo kilichoandikwa, itiwe juu ya mizizi iliyokwisha kuloweshwa, mara moja kwa juma wakati mmea unapokua. Mara moja kwa mwezi mwaga maji matupu mengi, yaondoe chumvi.

Phalaenopsis, yenye maua mapana kama vipepeo, haina ghala la chakula katika shina, tena hukua karibu mwaka mzima. Hiyo hulishwa kidogo kidogo bila kukatizwa kwa muda mrefu. Dendrobium nobile huweka akiba katika mashina yake manene, nayo yakisha kukomaa hutaka kuachwa. Ukizidi kuilisha wakati huo, itakupa vichipukizi vya majani mahali ambapo maua yangetokea. Mmea utaonekana wenye afya, na altare itakosa ua.

Vanila, ambayo ndugu zetu wa Beni na Butembo huilima, nayo ni okidi, ingawa wengi hushangaa kusikia hivyo. Hiyo ina njaa kuliko zile za juu ya miti: mizizi yake hufunikwa kwa majani yaliyooza, na majani hayo huongezwa kila yanapopungua, bila kuchimba kwa jembe, maana mizizi i karibu na uso wa udongo. Ziko pia okidi za ardhini, kama Disa na Satyrium za nyanda za Katanga, ambazo wengine huponda viazi vyake pamoja na karanga, wakavila kwa jina la kikanda. Wakati wa kiangazi majani yake hufa, na kiazi hulala udongoni. Hapo usiipe kitu hata chipukizi litoke pamoja na mvua.

Mambo haya ya maua yananirudisha kwenye katekesi. Sisi walezi hupenda kumwaga ndoo nzima kwa mara moja: siku tatu za mafungo wakati wa Kwaresima, mafundisho kutwa, kisha kimya hadi Majilio. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba aliwanywesha maziwa kwa kuwa hawakuweza chakula kigumu. Aliwatazama kwanza.

Katika kwaya yetu yuko kijana aliyefiwa na baba yake. Tangu hapo huketi nyuma, karibu na mlango, wala haimbi. Wenzake, kwa upendo, wanataka wampe uongozi wa sauti ya pili, eti apate kuchangamka. Nawaelewa. Hata hivyo kila Jumapili huja, hukaa hadi baraka ya mwisho, na juma lililopita alimsaidia mama mmoja mzee kushuka ngazi. Kamati itakutana Jumamosi. Mimi nitaomba nafasi hiyo apewe mwingine kwa sasa, na mmoja wetu aende kumtembelea nyumbani, bila daftari la kwaya mkononi.