Jumba la Njoro na Nyumba ya Babu

Msafiri atokaye Mulanda kwenda Kenya hupitia Tororo, akavuka mpaka Malaba. Wakati wa likizo yangu niliifuata njia hiyo, nikapita Eldoret hadi Nakuru, kisha nikaenda Njoro kulitazama jumba la Lord Egerton. Safari hiyo haikuwa ya matembezi tu. Nyumbani, baba mdogo alikuwa amekusudia kuibomoa nyumba ya matofali aliyotuachia babu, ili ajengee jiko, nami nilitaka kujua kama nyumba kuukuu ina faida yoyote.

Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza, alianza kulijenga jumba hilo mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili viliikatiza kazi, ikamalizika mwaka 1954. Lina vyumba 52, na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa. Watu husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyekataa kuolewa naye. Iwe kweli au hadithi, mwenyewe hakuoa kamwe, na mwaka 1958 alifariki bila mrithi.

Mawe yale yalibebwa na kupandishwa kwa mikono ya vibarua, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi. Je, jumba la namna hiyo si afadhali lianguke? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimesimama mlangoni. Nikaona sivyo: likianguka, kazi ya wajenzi wale itapotea, na ushahidi wa zama zile utapotea nao.

Mwaka 1996 jumba hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mtunzaji wake ni Chuo Kikuu cha Egerton, kilichotokana na shule ya kilimo aliyoianzisha lodi huyo mwaka 1939. Wageni hulipa kiingilio, na arusi hufanywa humo. Kumbe nyumba hulindwa kwa mambo mawili: sheria na matumizi. Huko Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1913, mwenye jumba lililosajiliwa hawezi kulibomoa bila kibali. Uganda nayo ilipitisha sheria ya kumbukumbu za kihistoria mwaka 1967.

Lakini nyumba ya babu haimo katika orodha yoyote. Niliporudi nilimwuliza baba mdogo, "Matofali haya, Baba, yalichomwa na nani?" Akanyamaza kitambo, kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja, nami nikayaandika majina yao daftarini. Jioni ile hakuna aliyetaja tena kubomoa. Tulichanga fedha, tukanunua mabati.

Ndugu msomaji, ikiwa nawe umerithi nyumba ya namna hiyo, anza na paa, kwani mvua ndiyo adui wa kwanza wa ukuta. Kisha andika majina ya walioijenga, maadamu wapo wanaoyakumbuka.