Tulikwenda Idjwi na telefone mbili na kamera moja ndogo



Wengi kati yenu mmetuuliza: ile safari ya Idjwi mliifanya kwa pesa gani, na kamera mliitoa wapi? Juma hili tunajibu. Tutawaelezea yote, pamoja na aibu tuliyoipata siku ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Tulikuwa wamama sita wa kundi moja la AVEC hapa Bukavu. Tunakula sambaza kila juma, lakini wengi wetu hatukuwa tumeona namna zinavyotoka majini, wala sura za wamama wanaozinunua kwa wavuvi alfajiri. Tulitaka kuwapiga foto na kutengeneza video ya dakika kumi ya kuonyesha katika mikutano yetu.

Vyombo vyetu vilikuwa hivi: telefone mbili za kawaida, kamera moja ndogo iliyokwisha kutumiwa ambayo tuliinunua sokoni, kadi mbili za memori, betri moja ya kuchajia, kitambaa laini cha kupangusa kioo, na mifuko ya nailoni ya kufunga kila kitu mvua ikinyesha. Kwa kusimamisha kamera, tulishona mfuko mdogo tukaujaza maharagi. Ukiuweka juu ya jiwe au ukuta, kamera inalala juu yake bila kutikisika. Tuliporudi nyumbani tuliyapika maharagi yale.

Tulipanda boti asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa unaweza kuamka. Kila mmoja alivaa jile kabla ya kukaa. Bandarini telefone zilibaki ndani ya mifuko. Mahali penye askari au ofisi za serikali hatupigi foto: foto moja tu inaweza kukunyang'anya telefone na safari yote. Majini ndipo tulipoanza kuzitoa, na hata huko tulizifunga kamba shingoni.

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu, kati ya Congo na Rwanda. Kuna vilima vya migomba, kahawa na mananasi, na njia nyembamba zinazoshuka mpaka majini. Watu wanasema Kihavu. Upande wa kaskazini ni sheferi ya Rubenga, upande wa kusini ni ya Ntambuka, na huko kusini ndiko tulikoshukia. Tulijionyesha kwanza kwa kiongozi wa kijiji, tukamweleza sababu ya safari, akatukubalia. Tukadhani kazi ya kuomba ruhusa imekwisha.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, tulikuwa ufukoni. Wavuvi walikuwa wanarudi wakiimba. Mitumbwi yao inafungwa mitatu pamoja kwa miti, na fito ndefu zinatoka mbele na nyuma kubeba wavu. Wanavua usiku kwa taa, maana sambaza hufuata mwanga. Mwezi ukijaa, wanapata kidogo. Mzee mmoja alituambia kwamba samaki hao hawakuwa wa ziwa hili, na ni kweli: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo jamaa nyingi za Kivu zinalipa masomo ya watoto kwa sambaza.

Wamama walikuwa wamekwisha kuingia majini mpaka magotini, mabeseni kichwani. Mwanga ulikuwa mzuri sana. Tukainua telefone zetu wote pamoja.

Mama mmoja akajifunika uso kwa kikwembe. Mwingine akageuka. Mama yule wa kwanza akasema kwa sauti, ili wote wasikie: “Wengi wamekuja, wakapiga foto, wakaenda. Zinakwendaga wapi? Mimi sijaona hata moja.”

Hatukuwa na jibu. Tukashusha telefone. Sisi wenyewe ni wamama wa Kivu, na tunajua namna tunavyopigwa foto: tukiwa tumekimbia, tukiwa tunalia, bila kuulizwa jina. Pamela Tulizo, binti wa Goma aliyepata mwaka 2020 tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana, anajulikana kwa foto zinazowaonyesha wanawake wa kwetu wakiwa na heshima yao. Tulikuwa tumezisifu foto zake kabla ya kuondoka. Ufukoni tulifanya kinyume.

Siku hiyo hatukupiga tena. Tuliwasaidia wale wamama kutandaza sambaza juani na kufukuza ndege. Tulikula nao bugali. Jioni mama yule aliyejifunika alitoa katika mfuko kadi ya uchaguzi ya mume wake, aliyekufa majini. Ile foto ndogo ya kadi, isiyo na rangi na iliyoanza kufutika, ndiyo peke yake aliyokuwa nayo. Mtoto wake wa mwisho hamjui baba yake isipokuwa kwa kadi ile. Akatuuliza kama kamera yetu inaweza kuifanya kubwa. Tukasema tutajaribu, na kwamba tutaileta sisi wenyewe. Akasema: “Basi na mimi nipigeni. Lakini kesho, nikiwa nimevaa.”

Siku ya pili kazi ilikwenda vizuri, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Mwanga mzuri ni wa mapema, mpaka karibu saa mbili asubuhi, halafu tena kuanzia saa kumi jioni. Saa sita jua liko juu ya kichwa na macho yanakuwa mashimo meusi. Ikibidi kupiga saa hiyo, mpeleke mtu kivulini, chini ya mgomba au mlangoni.

Usimweke mtu mbele ya maji yanayong'aa. Telefone inafuata ule mng'ao, na uso wa mtu mweusi unapotea. Mgeuze kidogo, gusa uso wake juu ya kioo cha telefone, kisha ongeza mwanga.

Usivute foto kwa vidole ili kitu kionekane karibu, inaharibika. Tembea, umkaribie mtu. Kama unaogopa kumkaribia, pengine hujamwomba ruhusa vizuri.

Kwa video, laza telefone, bana viwiko kifuani, uhesabu mpaka kumi bila kusogea. Sauti ndiyo iliyotusumbua, kwa sababu ya upepo. Dawa yake ilikuwa kuficha telefone ya pili ndani ya mkunjo wa kikwembe cha anayesema, ikirekodi sauti peke yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka.

Mahali tulipolala umeme ulikuwa wa jua tu. Kwa hiyo tulizima mtandao wa telefone mchana kutwa ili betri zidumu. Na kila usiku, kabla ya kulala, tulinakili foto za siku mahali pa pili.

Usiku wa mwisho hatukufanya hivyo. Tulikuwa tumechoka. Jioni ile tulikuwa tumempiga mama mzee mmoja, koko aliyevaa kikwembe chake cha sikukuu na kukaa wima mbele ya nyumba yake, akisema hajapigwa foto tangu arusi ya binti yake. Tulifika Bukavu na kadi ile ikakataa kufunguka. Mtengenezaji alijaribu siku mbili. Foto za koko zilipotea zote.

Hapo kundi letu likagawanyika. Kuchapa foto 41 kulihitaji pesa, na kurudi Idjwi kulihitaji pesa nyingine. Mmoja wetu alisema tuzitume tu kwa telefone ya kiongozi wa kijiji. Mwingine akasema sanduku letu lina funguo tatu ili pesa zisitoke kwa huruma. Alikuwa na haki. Lakini tulikuwa tumetoa neno letu, na wale wamama walitufungulia nyumba zao kwa ajili ya neno hilo. Hatukugusa sanduku. Kila mmoja wetu alitoa chake, na wawili wakachaguliwa kurudi.

Walikwenda na bahasha, jina la kila mtu juu yake. Foto ya kadi ilikuwa imepigwa kwa makini kivulini, ikafanywa kubwa kama ukurasa wa daftari. Haikuwa safi, lakini uso ulionekana. Mama yule hakusema kitu. Alimwita mtoto wake, akamwonyesha, halafu akaingia nayo ndani.

Kwa koko walikwenda mikono mitupu, wakamweleza ukweli. Alinyamaza kwa muda, akauliza kama wanafikiri kikwembe kile anakivaa kila siku. Kisha akaingia nyumbani. Walidhani amewafukuza. Alitoka akiwa amekivaa, akakaa palepale. Safari hii walimpiga kwa telefone zote mbili na kamera pia, na usiku uleule wakanakili.

Foto yake imekwisha kuchapwa. Iko katika bahasha, inangoja mmoja wetu atakayepanda boti mwezi ujao.

Wamama, kama kundi lenu linataka kufanya safari ya namna hii, msingoje kamera kubwa. Telefone mliyo nayo inatosha. Lakini siku mnapohesabu nauli ya boti na chakula, hesabuni pia bei ya kuchapa foto na nauli ya kuzirudisha. Kama pesa hizo hazipo, pigeni foto chache, kwa watu mtakaoweza kuwarudia.

Video ya dakika kumi iko tayari. Tutaionyesha mkutanoni siku ya posho, baada ya kuweka akiba. Njoni na mabinti zenu.