Shujaa Wangu na Kitabu Kipya

Wanafunzi wenzangu, wadogo zangu wa internat! Mimi nilisoma pale kwenu mpaka kalasi ya pili, kisha vita ikatutosha. Tulivuka ziwa Tanganyika, tukakaa katika kambi ya Nyarugusu, inchi ya Tanzania, na tangu 2017 tunaishi hapa Des Moines, Marekani. Mwenye kutayarisha gazeti letu aliniomba niandike juu ya michezo ya vijana wa huku. Mpira munaujua. Nitawaelezea mchezo mmoja wa mezani, na hasira niliyopata siku sheria zake zilipobadilishwa.

Unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka mwaka 1974, na walioutunga ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anaongoza hadithi. Wengine, kila mmoja ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu, akili, busara, silaha. Kiongozi anasema: «Muko mbele ya mto, daraja limekatika. Munafanya nini?» Unajibu, kisha unatupa dadu ya pande 20. Ukipata namba kubwa, umevuka. Ukipata ndogo, maji imekubeba. Ni kama hadithi za jioni kando ya moto, lakini wasikilizaji wanaingia ndani yake.

Mama alipoona picha za majoka akaniuliza: «Mwanangu, kule munaroga nani?» Nikamwalika. Akakaa saa mbili, akasikia vijana wanabishana kama wamwachilie mufungwa ao hapana. Wakati wa kurudi akasema: «Kumbe ni mashauri tu. Lakini saa ya ibada usiiguse.» Tukapatana.

Tulikuwa tunacheza katika maktaba ya muji, na kitabu chetu cha sheria kilikuwa kile cha 2014. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini kile kitabu nilikiazima mara nyingi mpaka nikakijua kama mafungu ya kukariri. Kidogo kidogo wenyeji wenyewe wakaanza kuniuliza: «Sheria inasema nini?» Wadogo zangu, hamujui utamu wa neno hilo. Kule kalasini nilikuwa yule asiyesikia luga. Pale mezani nilikuwa mwalimu.

Basi 2024 kikatoka kitabu kipya, karibu dola 50. Zamani kunywa dawa katikati ya mapigano kulikula nafasi yako ya kupiga. Sasa unakunywa na unapiga bado. Shujaa wangu ni muponyaji: zamani alitupa dadu moja ya pande 8 kwa kuponya jeraha, sasa anatupa mbili. Mutasema ni zawadi. Lakini kila nilipofungua kinywa, mtu alisema: «Hapana, hiyo ni ya zamani.» Hata mutoto wa miaka 14 alinisahihisha. Nikakumbuka namna nilivyoanza Kifaransa pale kwenu, kisha Kiingereza huku, kila mara kutoka mwanzo kama mutoto wa kalasi ya kwanza. Nikachoka. Majuma mawili sikuenda.

Rafiki yangu mmoja aliacha meza yetu kabisa, akaanzisha yake. Akaniita: «Njoo, kitabu cha zamani hakikuchomwa.» Ni kweli. Nilikuwa karibu kumfuata. Lakini kiongozi wetu akaniomba jambo moja tu: nimuhamishe shujaa wangu katika kitabu kipya, nione, kisha nichague.

Shujaa huyu ni wa taifa la watu wafupi wenye ndevu, wanaokaa vilimani. Katika kitabu cha 2014, kuzaliwa katika taifa lile kulimupa 2 za uvumilivu na 1 ya busara. Umezaliwa hivi, basi uko hivi. Kitabu kipya kinaacha kila taifa na vipawa vyake, kama kuona gizani, lakini zile namba tatu zinatoka kwa kazi na maisha yako ya mbele. Kuna njia 16: mulinzi, baharia, mwandishi, askari, mukulima na wengine. Sherti ujibu: huyu alikuwa nani mbele ya kushika silaha? Nilikuwa nimecheza naye miaka mitatu, sikumuuliza hata siku moja.

Nikaandika: mukulima. Nikagawanya namba: 2 za uvumilivu, 1 ya busara. Zikatoka zilezile za zamani! Lakini sababu yake ilikuwa nyingine.

«Alilima nini?» kiongozi akauliza. Nikasema: muhogo na maharagwe, kwenye mulima juu ya ziwa, pamoja na baba yake. Nikasema namna walivyoondoka usiku, maharagwe yakiwa karibu kuvunwa. Nilikuwa ninasema juu ya shujaa, lakini wote walifahamu. Yule mutoto wa miaka 14 akauliza polepole: «Na nani aliyavuna?» Nikajibu: sijui. Hakuna aliyesema kitu. Kisha tukatupa dadu, tukaendelea.

Ninyi munajua namna watu wa kwetu wanavyouliza kabila la mutu mbele ya kuuliza anajua kufanya nini. Mimi sisemi kitabu cha mchezo kitatengeneza jambo lile. Ni kitabu cha kuuzwa, na kesho watauza kingine. Lakini sikupata mahali pengine pa kuulizwa ulizo lile.

Sasa niko kwenye meza zote mbili. Kwa rafiki yangu ninaenda Jumamosi moja kwa mwezi, na kule mimi ni mwalimu bado. Kwenye ile nyingine ninakosea, na mudogo wangu wa miaka 14 ananisahihisha. Ninaandika katika kaye, ninasema asante.

Nawatakia mitihani myema. Wasalimuni walimu wote.

Mwenzenu wa zamani, Des Moines