Kuuvika Ukuta Mbao

Ukuta wa nyumba hutazamwa na watu wawili: mpita njia huutazama kwa nje mara moja, na mwenyeji huutazama kwa ndani maisha yake yote. Hata hivyo, hapa kwetu Kamukuywa, katika barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, rangi nzuri aghalabu hupewa mpita njia. Mwenyeji huachiwa lipu yenye nyufa na kalenda ya mwaka uliopita.

Mama yangu hakuipenda desturi hiyo. Alipokuwa msichana, wanawake walizikandika nyumba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na mikono yao ilipita juu ya kila shubiri ya ukuta. Ukuta wa saruji, asema, ni ukuta usioguswa na mtu. Basi akataka sebule yake ivikwe mbao.

Mbao tulizipata katika msaiprasi mmoja uliopandwa na marehemu baba mpakani mwa shamba. Asili ya mti huu ni Meksiko na Amerika ya Kati, lakini umekaa nasi hata watoto hudhani ulizaliwa Mlima Elgon. Tuliukata Agosti 2022. Mbao zake zilitosha ukuta mmoja tu, wala hapakuwa na mti wa pili. Wazee wa posa ya dada yangu mdogo walitazamiwa Desemba, na Mama alitaka wakute kazi imekwisha. Fundi naye, mwenye haraka ya ujira wake, akamuunga mkono. Mimi nikakataa.

Ubao mbichi umejaa maji. Ukikauka hupungua, tena hupungua sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu, kwa kuwa nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ukipigiliwa misumari ungali mbichi utapasuka, au utaachana na mwenziwe mpaka kidole kipite katikati. Mkavu nao una tabia yake: masika yakija hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, na ukikosa nafasi hubinuka. Mti mmoja, ukuta mmoja. Nani angetupa mwingine?

Kwa hiyo mbao zikapangwa humo humo sebuleni, vijiti vikitenga safu na safu, zizoee hewa ya chumba zitakamoishi. Wazee wakaja, wakakuta ukuta mtupu na rundo la mbao kando yake. Mmoja alinusa, akauliza ni mti gani, kisha akarejea katika mazungumzo ya ng'ombe. Mama hakusema nami siku ile ila kunituma viti.

Januari 2023 tukaanza. Kwanza tulitengeneza mfereji wa paa uliokuwa ukivuja, maana mbao huuficha unyevu wa ukuta wala haziuponyi. Kisha tukafunga fito za kulala, tukizisawazisha kwa pima maji na kuziachia mianya ili hewa ipite nyuma. Kila ubao ulikuwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Msumari ulipigwa mshazari katika ulimi, na mfereji wa ubao uliofuata ukauficha. Hivyo mbao zaweza kutanuka na kupungua bila kuonyesha mwanya. Chini tuliacha nafasi ya kidole kimoja, na pembeni unene wa penseli, tukaufunika kwa ubao mwembamba. Msasa na vanishi vilichukua siku nyingi kuliko misumari. Kazi hii ndiyo niliyoipenda kupita zote, kwani ndipo mistari ya ndani ya mti ilipojitokeza.

Masika yalipofika, ukuta ulitulia. Wakati wa kiangazi, usiku ukipoa, mbao hulia ta! gizani. Wajukuu walipomwuliza Mama ni nini hicho, aliwajibu, "Laleni. Babu yenu anajinyoosha."