Mizani za Moyo

Nimefundisha Kiswahili miaka 34, sekondari kisha chuo cha ualimu, na sidhani kama niliwahi kutamka neno "moyo" darasani nikimaanisha nyama. Moyo ulikuwa wa washairi: hupenda, huuma, huvunjika. Mwaka juzi daktari akanionyesha wangu kwenye karatasi yenye mistari. Ulikuwa ukipiga mara 36 kwa dakika, ilhali wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Ndipo nikaelewa kwa nini nilizirai uani.

"Mwalimu, tutakuwekea betri ya moyo," akasema muuguzi.

Neno hilo likanirudisha nyumbani. Betri naijua: ya tochi, huzimika usiku wa manane. Miezi miwili nikamwambia mke wangu kwamba natafuta nauli, kumbe naogopa neno. Nikazirai tena, safari hii nimembeba mjukuu. Alhamdulillahi, aliangukia godoroni.

Laiti ningefafanuliwa mapema! Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti. Hulazwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya wake hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni, kifua hakipasuliwi. Nilichomwa ganzi ya mahali pale tu, nikawasikia madaktari wakizungumza. Wala kifaa hakiupokonyi moyo kazi. Husikiliza: pigo likija lenyewe, hunyamaza, likichelewa, hulichochea. (Natamani wahariri wa mashairi yangu wangekuwa hivyo, wajaze mizani iliyopungua na kuuacha ubeti mzima ulivyo.)

Baadaye nilikatazwa kuinua mkono wa upande ule juu ya bega kwa majuma kadhaa, waya usije ukachomoka kabla haujashika. Kwa mtu wa ubao, ni adhabu. Simu haikai tena mfuko wa shati; iwe sentimita 15 mbali na kifua. Kadi ya kifaa natembea nayo, na kabla ya kipimo chochote cha sumaku huitoa kwanza. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, homa ikipanda au kizunguzungu kikirudi, mgonjwa asingoje tarehe ya kliniki.

Betri haichajiwi. Hudumu miaka 5 hadi 15, hupimwa kliniki, na ikikaribia kwisha hubadilishwa kifaa kizima. Hilo lilinitisha hadi niliposoma habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki, mwaka 1958. Cha kwanza kilimharibikia baada ya saa chache tu. Akabadilishiwa zaidi ya 20, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86.

Mke wangu ndiye aliyeuliza nililoshindwa kuuliza: "Siku yake ikifika, kitu hiki hakitamzuia kufa?" Daktari hakucheka. Alisema hapana, mama. Misuli ya moyo ikishakufa, haiuitikii umeme.

Kwenye kadi yangu jina la kifaa limeandikwa kwa Kiingereza. Chini yake nimeandika kwa kalamu: kichochea mapigo. "Betri" nimelikataa, maana lilikaribia kuniua. Mwenye neno bora kuliko langu na alilete, tulipime.